Jabali la Whitechapel: jinsi wipesi zilivyoziba mtaro wa London

Septemba 2017, mafundi wa Thames Water, kampuni inayosimamia maji safi na maji taka ya London, waliteremka chini ya barabara ya Whitechapel kukagua mtaro wakakuta hakuna pa kupita. Hili halikuwa zibo la kuchokonoa kwa fimbo likaachia. Lilikuwa bonge moja lenye urefu wa mita 250, likakadiriwa kuwa na uzito wa tani 130, gumu kama zege. Waingereza huita kitu cha namna hii fatberg. Mimi nitaliita jabali la mafuta, maana ndivyo lilivyotangazwa duniani kote, japo nia yangu hapa ni kuonyesha kwamba mafuta yalibebeshwa lawama isiyokuwa yao peke yao: mshirika wao ni wipesi, zile tishu za unyevunyevu.

Juu ya jabali maisha yalikuwa yanaendelea kama kawaida. Whitechapel ni mashariki ya London, mtaa wa wahamiaji toka zamani: kuna soko la barabarani, kuna Msikiti wa East London, kuna hospitali ya Royal London. Mtaro wenyewe uko kama mita tatu na nusu chini ya lami. Ni wa matofali, umejengwa enzi za Malkia Victoria, kimo chake sentimita 120 na upana sentimita 70. Mtu mzima hasimami wima humo, na wawili hawapishani. Timu ya watu wanane ndiyo iliyopewa kazi ya kulivunja, kwa maji ya presha kubwa na zana za mkono, huku vipande vikinyonywa na kupandishwa juu. Kazi ilichukua wiki tisa. Wangechelewa, maji taka yangetafuta njia nyingine, na njia nyingine ya maji taka ni chemba za barabarani na vyoo vya watu.

Ili kisa kieleweke inabidi kurudi nyuma kidogo. Kiangazi cha 1858 Mto Thames ulinuka hadi wabunge wakashindwa kukaa bungeni, na hapo ndipo zilipopatikana fedha za kumwezesha mhandisi Joseph Bazalgette kuijengea London mtandao mpya wa mitaro. Alijenga kwa ukarimu, mabomba makubwa kuliko mahitaji ya siku zile, na hadi leo mji unaishi juu ya kazi yake. Ila mitaro hiyo ilipangwa ichukue vitu vitatu: kinyesi, mkojo na maji ya mvua, vyote katika njia moja. Kitambaa hakikuwamo kwenye hesabu.

Sasa kemia ya jabali. Mafuta ya kukaangia yakimwagwa kwenye sinki yangali moto huteremka bila kelele, na mwenye kuyamwaga huona amemaliza. Huko chini yanapoa, yanavunjika na kuachia asidi za mafuta, na asidi hizo zikikutana na kalsiamu zinageuka aina ya sabuni ngumu isiyoyeyuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walishaonyesha hilo miaka kadhaa kabla. London kalsiamu haitafutwi: maji yake mengi yamepitia kwenye miamba ya chokaa, na birika za umeme za huko huota ukoko mweupe ndani. Kipande cha Whitechapel kilipopimwa katika Chuo Kikuu cha Cranfield, asidi iliyoongoza ilikuwa ya palmiti, ile inayopatikana kwa wingi kwenye mawese na siagi. Kwa hiyo jikoni kumehusika, hakuna ubishi.

Lakini sabuni hiyo inahitaji mahali pa kushika. Ukuta wa mtaro umelowa saa zote na maji yanapita kwa nguvu. Mafuta peke yake yangejibandika kidogo kidogo pembeni na mengi yangesombwa. Wipesi ndizo zinazobadilisha mambo. Namaanisha zile za kuvuta moja moja kwenye pakiti, za watoto, za kufuta vipodozi, za kusafishia meza. Moja inanasa kwenye ufa wa tofali au kwenye mzizi uliopenya. Ya pili inajikunja juu ya ile ya kwanza. Zikifika kumi zimeshasokotana na kuwa kamba, na kamba hiyo inachuja kila kinachopita: nywele, pedi, pamba za masikio, na mafuta. Mafuta yanaganda juu yake, yanafunika, kisha wipesi nyingine zinanasa juu ya mafuta. Kwenye zege lililokauka macho huona saruji, ila kinacholishikilia lisivunjike ni nondo. Mafuta ya Whitechapel yalikuwa saruji; wipesi zilikuwa nondo.

Desemba 2017, muda mfupi baada ya mtaro kufunguka, Water UK, ambao ni umoja wa kampuni za maji za Uingereza, ulitoa matokeo ya uchunguzi wa vitu vilivyotolewa kwenye mabomba yaliyoziba sehemu mbalimbali za nchi. Wipesi zilikuwa kama asilimia 93 ya kilichotambulika. Karatasi ya chooni na vitu vingine vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuflashiwa havikufika hata asilimia 1.

Hapa msomaji makini atauliza: si kampuni za maji ndizo zenye maslahi ya kusukuma lawama kwa mteja? Ni swali la haki. Machi mwaka huohuo wa 2017 Thames Water ilitozwa na mahakama faini ya takriban pauni milioni 20 kwa kuachia maji taka yaingie Mto Thames na vijito vyake kwa miaka kadhaa. Kampuni yenye rekodi hiyo haipokelewi neno lake kwa kufumba macho. Hata hivyo, kwa suala la wipesi sioni namna ya kuukwepa ushahidi, kwa sababu haukai kwenye karatasi za kampuni. Unakaa kwenye kitambaa chenyewe, na yeyote anaweza kukikagua mezani.

Wipesi ilianza kwa Arthur Julius, Mmarekani aliyekuwa kwenye biashara ya vipodozi, mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliita bidhaa yake Wet-Nap, na mwaka 1963 akaanza kuiuzia migahawa ya Kentucky Fried Chicken, wateja wafute vidole baada ya kula kuku kwa mkono. Wazo halikuwa baya. Ilikuwa karatasi ndogo ya kutumia pasipo na bomba la maji, na ikishatumika inaenda kwenye ndoo ya taka pamoja na mifupa. Kilichofuata ni kwamba kitu cha dharura kiligeuka kitu cha kila siku, kisha kikaingia chooni.

Kitambaa chake hakifumwi wala hakishonwi. Nyuzi fupi za poliesta au polipropilini, ambazo ni plastiki, mara nyingi zikichanganywa na viskosi inayotokana na miti, huchanwa na mashine yenye meno hadi zitandazike kama utando mwepesi. Utando huo ukishikwa wakati huo unasambaratika. Ndipo unapitishwa chini ya safu za vijito vyembamba mno vya maji vyenye presha kubwa, ambavyo vinazipiga nyuzi na kuzisukuma zipenyane, zizungukane na kukabana zenyewe kwa zenyewe bila gundi. Ukikaushwa na kuviringishwa kwenye rola unakuwa kitambaa laini, chepesi, na chenye nguvu kuliko kinavyoonekana. Kiwanda kinachofuata, ambacho mara nyingi si kilekile, hukikunja, hukilowesha, hukikata na kukitia kwenye pakiti ya plastiki yenye kifuniko cha kunata. Kimiminika chake ni maji zaidi ya asilimia 90. Kilichobaki ni vilainisha ngozi, sabuni kidogo, manukato, na vihifadhi kama phenoxyethanol au sodiamu benzoeti. Vihifadhi ni lazima, kwani kitambaa kilicholowa na kufungiwa gizani kwa miezi kingeota ukungu kabla hakijafika dukani.

Chukua moja uivute kwa mikono miwili. Upande mmoja inagoma. Ukiigeuza uvute upande wa pili inanyooka sana kabla ya kuachia, kwa sababu nyuzi nyingi zimelala kufuata mwendo wa mashine. Sasa chukua chupa mbili za maji, moja tia kipande cha karatasi ya chooni, nyingine tia wipesi, zifunge uzitikise. Karatasi itakuwa uji upesi, maana imeshikwa na vifungo hafifu kati ya nyuzi fupi za mti, na maji ndiyo yanayovifungua. Wipesi itajikunja, itajikunjua, na ukiitoa utaitandaza mezani ikiwa nzima. Imetengenezwa ikae ndani ya maji kwa muda mrefu bila kuvunjika. Kazi iliyoifanya miezi yote kwenye pakiti ndiyo hiyohiyo inayoendelea kuifanya kwenye bomba. Na kama unataka kujua ina plastiki, ikaushe, kata ukanda mwembamba, ushike kwa koleo juu ya sinki uwashe kiberiti: poliesta huyeyuka na kujikusanya kuwa kishanga kigumu cheusi, wakati viskosi tupu huungua kama karatasi na kuacha majivu.

Kwa hiyo nani alizitia chooni wipesi za Whitechapel? Watu wa majumbani, ndiyo, lakini si kwa ukaidi. Kwa miaka mingi pakiti nyingi ziliandikwa kwamba zinaweza kuflashiwa, na zile zisizoandikwa hivyo zilikuwa na alama ya katazo ndogo nyuma ya pakiti, au chini ya mkunjo. Mtu amembeba mtoto mkono mmoja, hatageuza pakiti kutafuta alama ya ukubwa wa ukucha. Watengenezaji walikuwa na vipimo vyao: kipande kinatikiswa kwenye sanduku lenye maji kwa muda uliopangwa, kisha kinachunguzwa kimevunjika kiasi gani. Wahandisi wa maji taka wakalalamika kwamba sanduku hilo linatikisa kuliko mtaro wa kweli, ambamo maji mara nyingi yanatembea taratibu na kina chake ni cha kulowesha viatu tu. Pande mbili hizi zimebishana miaka, kila mmoja na kipimo chake.

Januari 2019 Water UK wakaleta alama yao, Fine to Flush, kwa ajili ya wipesi zilizofaulu kipimo kikali zaidi na zisizo na plastiki. Nilidhani, kama wengi walivyodhani, kwamba huo ungekuwa mwisho wa maneno. Machi 2024 waliiondoa wenyewe. Sababu waliyoitoa inaeleweka: kuwepo kwa wipesi chache zinazoruhusiwa kulimfanya mnunuzi aone kwamba wipesi kwa jumla zinaruhusiwa. Ujumbe wao sasa ni mfupi: hakuna wipesi ya kuflashi, yoyote ile, iandikwe iandikwavyo.

Jabali lenyewe lilipata umaarufu wa ajabu. Sehemu yake ilipelekwa kutengenezewa bayodizeli, na ilikadiriwa kwamba ingetoa kama lita 10,000. Kipande kingine kilikaushwa na Februari 2018 kikawekwa kwenye maonyesho ya Makumbusho ya London, ndani ya masanduku yaliyofungwa moja ndani ya jingine, kwa hofu ya vijidudu. Humo ndani kilitoa jasho, kikabadilika rangi, na vijinzi vikaanguliwa. Watu walipanga foleni kukitazama. Ukikiangalia kwenye picha unaona bonge la kijivujivu mfano wa jiwe, na katikati yake kipande cha karatasi ya chokoleti. Pale mtaani, kwenye kona ya Court Street, palitiwa kifuniko cha chemba chenye maandishi ya ukumbusho wa ushindi dhidi yake. Mimi naona umaarufu huo ulisaidia nusu na kuharibu nusu. Uliwafanya watu waangalie chini ya barabara, jambo zuri. Lakini ulimfanya mhalifu awe mnyama mmoja wa kutisha aliyeshindwa mwaka 2017, hali bidhaa iliyomzaa inaendelea kuuzwa kwa mabilioni. Uingereza peke yake inakadiriwa kutumia wipesi bilioni 11 kwa mwaka.

Na si wipesi zote zinazokwama. Mitaro ya London, nimesema, inachukua maji taka na mvua pamoja, na mvua ikizidi, ziada humwagwa mtoni kupitia milango ya dharura. Wipesi zinatoka nayo. Karibu na daraja la Hammersmith, magharibi ya mji, mto unapinda na maji yanapunguza kasi, zikatua hapo mwaka hadi mwaka, zikichanganyika na tope hadi zikafanya kilima kinachoonekana maji yakipwa. Wafanyakazi wa kujitolea wa shirika la Thames21 walizihesabu kwa mkono kwa miaka, makumi ya maelfu, na vipimo vyao vilionyesha kwamba kilima kilikuwa kinaugeuza ukingo wa mto wenyewe. Agosti 2025 Mamlaka ya Bandari ya London na Thames Water walipeleka eskaveta kukizoa. Makadirio kabla ya kazi yalikuwa tani 180. Huko hapakuwa na sabuni wala mafuta. Ni nyuzi na matope matupu, na nyuzi za plastiki humo haziozi. Zinakatika tu kuwa vipande vidogo zaidi ambavyo minyoo, konokono na samaki huvimeza.

Nimeileta Hammersmith kwa sababu inatenganisha matatizo mawili ambayo wanasiasa huyafunga kwenye furushi moja. Novemba 2025 England ilipitisha kanuni za kupiga marufuku uuzaji wa wipesi zenye plastiki, utekelezaji ukianza 2027, ikiachwa nafasi kwa baadhi ya matumizi kama ya tiba. Baadhi ya maduka makubwa yalikuwa yameshatangulia: Boots na Tesco waliacha kuuza za plastiki mwaka 2022. Kwa Hammersmith hiyo ni hatua ya maana. Wipesi ya viskosi ikifika mtoni itaoza, hata kama itachukua muda wake.

Kwa Whitechapel sioni itakavyosaidia. Mtaro haujali kama uzi umetoka kwenye petroli au kwenye mti. Unajali kama kitambaa kinavunjika ndani ya dakika chache za safari kutoka chooni hadi bomba kuu. Viskosi iliyokabanishwa kwa vijito vya maji haivunjiki kwa muda huo. Inanasa kwenye ufa uleule, inabeba mafuta yaleyale. Hofu yangu ni kwamba hali itazidi, maana pakiti itakayoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina plastiki itasomwa na mtu mwenye haraka kuwa ni ruhusa ya kuflashi. Ndicho kilichoiangusha Fine to Flush. Kama ningeulizwa, ningeanza na maandishi ya mbele ya pakiti, kisha ningemtaka mtengenezaji achangie gharama ya kuzibua, kama anavyochangia makopo na chupa katika nchi kadhaa za Ulaya.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuona hili ni balaa la mbali. Kwa jabali, kweli ni la mbali: kwetu nyumba chache ndizo zilizounganishwa na mtaro wa umma, na chooni wengi tunatumia maji. Lakini wipesi zimeshaingia, kwanza kwa mtoto mchanga, sasa kwenye mkoba wa mama na kwenye daladala, na mahali pake pa kutupwa, kama ilivyo kwa pampasi, mara nyingi ni shimo la choo. Mwenye gari la kunyonya maji taka anajua habari yake: bomba la gari linavuta tope, halivuti nguo. Kikinasa kitambaa mdomoni mwa bomba, kazi inasimama, mtu anashika fimbo yenye ndoano na kuanza kuvua takataka, na bei ya kunyonya inapanda. Shimo lililojaa vitambaa hujaa mapema na halinyonyeki hadi chini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, wiki chache tu kabla ya jabali kupatikana, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Marufuku hizo zote ni za mifuko. Poliesta iliyomo kwenye pakiti ya wipesi ilipita mlangoni bila kuulizwa.

Nikirudi London, swali la nani alilipia zile wiki tisa lina jibu jepesi. Bili ya Thames Water ina sehemu ya maji taka, na kila kaya iliyounganishwa huilipa, iwe imeflashi wipesi elfu au haijawahi kuzinunua. Tower Hamlets, halmashauri ambayo Whitechapel imo, ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya Waislamu kwa idadi ya watu katika England nzima, watu ambao kutawadha na kujisafisha kwa maji ni jambo la kila siku. Wako kati yao wanaonunua wipesi za watoto kama mzazi mwingine yeyote. Lakini wako pia wazee wenye kopo lao la maji kando ya choo, na gharama ya kulivunja jabali iligawanywa kwenye bili zao sawasawa na za wengine, huku watengenezaji wa kitambaa wakiwa hawajapelekewa ankara yoyote.